Fundi wa Madoa Angavu

Chupa ya maji taka ikifika maabara haifunguliwi papo hapo. Fundi huisimamisha mezani, huacha mchanga na uchafu mzito utuame, na wakati huo huandika: tarehe, saa, mahali, joto la maji, rangi yake. Huandika kwa penseli, kwa sababu wino hufutwa na spiriti, na katika chumba hiki spiriti haikauki mezani. Chupa ninayoitazama imetoka kwenye mabwawa ya Ruai, mashariki mwa Nairobi, ambako sehemu kubwa ya maji taka ya jiji hupelekwa kusafishwa. Ukiiinua mbele ya dirisha utaona ukungu wa kijivu tu. Ndani ya ukungu huo mna bakteria wa kila namna, na pamoja nao mna virusi ambavyo maisha yao yote ni kuwaingia bakteria hao, kuzaliana ndani yao na kuwapasua.

Wataalamu huviita bakteriofaji, na maabarani jina hufupishwa kuwa faji. Haziambukizi seli ya mtu, wala ya mnyama, wala ya mmea. Kila faji ina bakteria wake, mara nyingi wa aina moja, na pengine wa ukoo mmoja tu ndani ya aina hiyo. Wengine wote hupita kando yake salama. Hapo ndipo penye nguvu yake juu ya jamii za vijidudu: haiui ovyo, inachagua. Lakini kabla mtu hajasema faji fulani humchagua nani, sharti aitenge kwanza na maelfu ya nyingine, ibaki peke yake. Na kazi hiyo, pamoja na mashine zote zilizoizunguka, bado ni kazi ya mkono.

Mkono ninaoutazama ni wa mama wa makamo ambaye wanagenzi humwita Mwalimu. Anamimina maji yaliyotuama kwenye mirija, anaipanga mirija ndani ya sentrifuji ikikabiliana kwa uzito ulio sawa, na anaifunga. Mashine ikisimama, uchafu na bakteria wengi wamekaa chini kama kidonge cha kahawia. Anayachukua maji ya juu kwa bomba la sindano, polepole, bila kutikisa kidonge, kisha anapachika chujio kwenye mdomo wa bomba na kusukuma. Matundu ya chujio hilo yana upana wa mikromita 0.22. Bakteria wa utumboni aitwaye E. coli ana unene wa karibu mikromita 1 na urefu wa 2, kwa hiyo hapiti. Faji ya T4, ambayo ni kubwa kuliko nyingi, ina kichwa chenye upana usiofika mikromita 0.1, nayo hupita. Anasukuma kwa kidole gumba, tone kwa tone. Mwanagenzi aliye kando yake anasukuma kwa nguvu zaidi, chujio linapasuka kwa mlio mdogo, na maji yake yanarudi kwenye mrija wa mwanzo. Mwalimu hasemi neno. Anamsogezea chujio jipya.

Maji yaliyochujika yanang'aa kama ya kunywa, ingawa hakuna anayethubutu. Faji anayoihitaji huenda imo humo kwa uchache mno, kwa hiyo anailisha. Anachanganya maji hayo na mchuzi wa lishe uliokolezwa, anaongeza kalsiamu kidogo ambayo husaidia faji nyingi kushika ukuta wa bakteria, kisha anatia E. coli changa zilizoanza kukua asubuhi hiyohiyo. Chupa inalala usiku kucha katika inkubeta, nyuzi 37, ikitikiswa taratibu. Faji zisizompata mwenyeji wao humo hubaki zilivyo. Ile inayompata E. coli huzaliana, na asubuhi imekuwa nyingi kupita zote. Mchuzi unazungushwa tena, unachujwa tena, na sasa kuna kitu cha kupima.

Kupima kunaanza kwa kuzimua. Mirija minane inasimama kwenye kishikio chake, kila mmoja una mikrolita 900 za maji ya chumvi yenye magnesi. Mwalimu anachukua mikrolita 100 za mchuzi, anazitia mrija wa kwanza, anachanganya, anatupa ncha ya pipeti, anachukua ncha mpya, anahamisha mikrolita 100 kwenda mrija wa pili. Hivyo hadi wa nane, ambao kila tone lake limezimuliwa mara milioni mia moja. Ncha iliyotumika ikirudiwa mara moja tu, hesabu nzima inaharibika, na hakuna dalili yoyote itakayokuonya. Ndiyo sababu hazungumzi wakati huu. Midomo yake inatembea bila sauti, anajihesabia.

Kisha inakuja sehemu ya kazi hii ambayo naipenda kupita zote, ingawa haimalizi hata dakika moja. Katika bafu la maji moto kuna mirija ya agari laini, ile yenye ugumu chini ya nusu ya agari ya kawaida, imeyeyushwa na kushikiliwa karibu na nyuzi 47. Ikizidi 50, bakteria wataungua. Ikishuka sana, itaganda ndani ya mrija kabla haijamiminwa, nayo itatoka mabongemabonge. Kipimajoto kipo, naye hukisoma. Hata hivyo kila mrija anaoutoa anaugusisha kwanza upande wa ndani wa kifundo cha mkono, kama mama anayepima uji kabla ya kumlisha mtoto. Kwenye mrija mdogo wa pembeni, tone la faji na tone la bakteria zimeshakaa pamoja kwa dakika kumi, ili faji zipate kujishika. Anaumimina mchanganyiko huo ndani ya agari laini, anauviringisha mrija kati ya viganja mara mbili bila kutia povu, na papo hapo anamwaga juu ya kisahani chenye agari ngumu. Anakiinamisha kisahani kushoto, kulia, mbele, nyuma. Tabaka linatambaa hadi ukingoni na kukaa sawasawa. Njia hii ya matabaka mawili ilielezwa na Mbelgiji André Gratia mwaka 1936, na mikono ya kuifanya vizuri bado inafundishwa kwa kutazama.

Mwanagenzi anainua kisahani chake mapema mno.

"Mwalimu, naona kimeshika."

"Bado. Kiache. Kikiteleza upande mmoja utasoma nini kesho?"

Vinakaa mezani mpaka vimeganda barabara, ndipo vinapinduliwa kifudifudi ili umande wa kifuniko usidondokee tabaka, na vinaingia inkubeta.

Ndani ya agari hiyo, bakteria wanaanza kugawanyika, na kwa saa kadhaa wanafunika uso wote wa kisahani kwa utando mweupe wa maziwa. Lakini pale ambapo faji moja ilimshika bakteria mmoja, mambo yanakwenda vingine. Kwa T4, ambayo imechunguzwa kuliko karibu faji zote, nyuzi ndefu za mkia hutangulia kugusa ukuta, ala ya mkia hujikunja, na DNA hupenya ndani. Baada ya kama dakika 25 katika nyuzi 37 bakteria hupasuka na kutoa faji mpya mia moja au zaidi. Agari laini haiziachi ziende mbali. Zinawapata majirani tu. Majirani nao wanapasuka. Duara la walioangamia linapanuka, mpaka utando unapoishiwa na lishe na bakteria kuacha kukua, na hapo kwa kawaida faji nazo hukwama, kwa sababu nyingi huhitaji bakteria aliye katika kasi ya kukua ili zizaliane. Asubuhi kinachobaki ni doa angavu, duara lisilo na bakteria, ndani ya utando mweupe.

Félix d'Hérelle aliyaona madoa hayo katika Taasisi ya Pasteur, Paris, alipokuwa akichunguza kinyesi cha askari waliougua kuhara damu wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka 1917 akatangaza kwamba kisababishi ni kirusi kinachowala bakteria. Frederick Twort, Mwingereza, alikuwa ameandika juu ya jambo kama hilo mwaka 1915. D'Hérelle hakuwa na hadubini ya kumwonyesha anachokisema. Picha za faji kwa hadubini ya elektroni zilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1940. Alichokuwa nacho ni chujio na madoa. Lakini aliona kwamba akizimua, madoa hupungua kwa kiwango kilekile anachozimua, wala hayafifii. Jambo hilo lilimwambia kwamba anashughulika na chembe zinazohesabika. Sumu iliyoyeyuka ingefifia yote kwa pamoja. Hadi leo naiona kuwa moja ya hoja safi kabisa katika elimu ya vijidudu, na mtu yeyote mwenye visahani na subira anaweza kuirudia mwenyewe.

Mwalimu anasoma visahani vyake mbele ya dirisha, juu ya kitambaa cheusi. Kisahani cha kuzimua mara ya tatu kimesafika chote, hakisomeki. Cha sita kina madoa 84. Anatia nukta ya kalamu chini ya kila doa ili asilirudie. Madoa 84, mzimuo wa mara milioni moja, sehemu ya kumi ya mililita iliyomiminwa: faji milioni 840 kwa kila mililita ya mchuzi. Anaandika namba na kuendelea, kwa sababu idadi siyo jambo analolisubiri zaidi. Anasubiri sura za madoa.

Madoa hayafanani. Kuna makubwa yenye ukingo mkali. Kuna madogo kama ncha ya sindano. Kuna yenye duara la pili la ukungu kuzunguka la kwanza, ishara kwamba faji imetoa kimeng'enya kinacholainisha ganda la bakteria hata pale ambapo yenyewe haijafika. Na kuna madoa yaliyofifia katikati, kama kazi ambayo haikumalizwa. Haya ya mwisho anayachora pembeni mwa daftari kwa alama yake. Mara nyingi ni faji ya namna nyingine kabisa: mara humpasua bakteria, mara huingiza DNA yake katika DNA ya bakteria na kutulia humo kizazi baada ya kizazi. Bakteria aliyeibeba haambukizwi tena na faji nyingine za aina hiyo, ndiyo maana anakua katikati ya doa. Na pengine faji hiyo humletea tabia mpya. Mwaka 1996 Matthew Waldor na John Mekalanos walionyesha kwamba jeni za sumu ya kipindupindu zimo ndani ya faji iliyojichomeka katika Vibrio cholerae. Bila faji hiyo, bakteria yule hana sumu inayomtoa mgonjwa maji yote mwilini. Kwa hiyo anaposimama juu ya doa lililofifia, Mwalimu hatabasamu wala hakunji uso. Anaandika, akijua kwamba faji hiyo haifai kuwa dawa ya kuulia bakteria.

Doa moja linaaminika kuwa uzao wa faji moja, lakini kuaminika hakutoshi. Madoa mawili huweza kukaribiana yakaonekana moja. Kwa hiyo anachagua doa lililojitenga, anachoma ncha ya pipeti katikati yake, anavuta kijipande cha agari, anakiweka katika maji ya chumvi, na anaanza upya: kuzimua, kumimina, kuganda, kulala usiku, kusoma. Kisha tena. Kisha tena. Desturi ni mara tatu, na zaidi kama madoa hayajafanana. Hakuna matokeo ya kutangaza katika siku hizi. Mtu anayepita maabarani angemwona anarudia jambo lilelile, visahani vilevile, nukta zilezile. Mimi niliyekaa kumtazama naona kila mzunguko ukiondoa shaka moja, na sielewi ni kwa nini tunawasifu wenye uvumbuzi wa ghafla zaidi ya wenye kazi hii.

Faji ikishakuwa moja, ndipo swali la jamii linaweza kuulizwa. Anatayarisha chupa ya mchuzi yenye bakteria wawili, E. coli na mwingine asiyetumia sukari ya laktosi, na chupa pacha iliyotiwa faji juu ya hao wawili. Kila siku anachukua tone kutoka kila chupa na kulipaka kwenye agari ya MacConkey, ambapo makundi ya E. coli huwa ya waridi na ya mwenzake hubaki yamefifia. Katika chupa isiyo na faji, waridi inatawala. Katika chupa ya pili waridi inaanguka siku ya kwanza, na waliofifia, ambao faji haikuwagusa hata kidogo, wanaongezeka. Wamepata nafasi, na wamepata chakula pia, kwa sababu bakteria anayepasuka humwaga kila alichokuwa nacho ndani yake.

Kisha waridi inarudi, kwa uchache. Miongoni mwa E. coli walikuwamo wachache ambao mlango wa faji kwao una kasoro, nao ndio waliobaki. Kinga hiyo mara nyingi hulipiwa. Faji ya lambda, kwa mfano, humshika E. coli kwenye protini ambayo bakteria huitumia kuingizia maltosi. Anayeipoteza protini hiyo huepuka faji, lakini hula maltosi kwa shida. Jamii inatulia kwa mgawanyo mpya: hakuna aliyetoweka, na hakuna anayetawala kama mwanzo. Frede Thingstad wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norwei, alilieleza hili kwa hesabu: faji haina mbio wala macho, inaelea tu, kwa hiyo humgonga mara nyingi zaidi yule aliye wengi. Anayeshinda katika kugombea lishe ndiye anayeshambuliwa zaidi, na wanyonge huendelea kuishi chini ya mwavuli huo. Ni Bergen hiyohiyo ambako mwaka 1989 watafiti walihesabu virusi katika maji ya asili wakapata hadi milioni 250 katika mililita moja, kiasi ambacho hakuna aliyekitarajia. Leo inakadiriwa kwamba faji huua karibu sehemu moja ya tano ya bakteria wa baharini kila siku.

Lakini wengi wa bakteria wa baharini na maziwani hawakubali kumea kwenye kisahani, na hapo ufundi wa madoa hufika mwisho. Chumba cha pili cha maabara kinafanya kazi ya kuhesabu kwa njia nyingine. Maji huvutwa taratibu kupita kwenye chujio lenye matundu ya mikromita 0.02, ambalo hata virusi havipiti. Chujio hutiwa rangi inayong'ang'ania DNA, hukaushwa gizani, kisha huwekwa chini ya hadubini yenye mwanga wa buluu. Bakteria wanawaka kijani, wakubwa. Virusi vinawaka kama vumbi la nukta. Msomaji anahesabu mraba mmoja, anasogeza, anahesabu mwingine, kidole kikibofya kihesabio, na hasomi miraba inayopendwa na macho bali ile ambayo utaratibu umempa.

Kwa njia za namna hii Ziwa Nakuru lilitoa habari ambayo kila mpenda heroe anapaswa kuijua. Heroe wadogo, flamingo wale wa waridi wa Bonde la Ufa, huishi hasa kwa kula sianobakteria aitwaye Arthrospira fusiformis, uzi uliojisokota unaogeuza maji ya magadi kuwa ya kijani kizito. Mara kwa mara, bila ratiba, kijani hicho huporomoka na ndege huondoka. Peter Peduzzi wa Chuo Kikuu cha Vienna na wenzake walichapisha mwaka 2014 matokeo yao ya Nakuru: wingi wa virusi vinavyoelea uliozidi wote uliokuwa umewahi kurekodiwa katika maji ya asili, faji ndani ya nyuzi za Arthrospira, kuporomoka kwa nyuzi hizo, na baada yake kupungua sana kwa heroe.

Kuiona faji ndani ya uzi ni kazi ngumu kuliko kuihesabu nje. Nyuzi hugandishwa ndani ya utomvu mgumu, kisha hukatwa kwa kisu cha almasi vipande vyembamba chini ya mikromita 0.1. Vipande huelea juu ya maji, na mkataji huvipokea kwa wavu wa shaba wenye upana wa milimita 3, akiunyanyua kutoka chini bila kuvikunja. Chini ya hadubini ya elektroni, faji zilizokamilika huonekana kama vichwa vyeusi vilivyojaa ndani ya seli. Zile ambazo hazijakamilika hazionekani. Kwa hiyo seli zinazoonekana zimeambukizwa ni sehemu tu ya zilizoambukizwa kweli, na mtafiti hulazimika kuikisia idadi kamili kwa kujua faji huonekana katika sehemu gani ya muda wa maambukizi.

Faji siyo sababu pekee ya heroe kuhama. Tangu miaka ya 2010 maji ya Nakuru yamepanda na kuzimua magadi, na Arthrospira huyahitaji magadi hayo. Anayetaka kuzitenganisha sababu hizo mbili anahitaji maji ya ziwa yaliyochotwa mara kwa mara, kwa sababu faji yaweza kuuangusha utando wa kijani haraka, na anayechota kwa nadra hukuta yameshapita. Anahitaji kipimo cha chumvi cha siku ileile, na vipande vilivyokatwa kutoka nyuzi za siku ileile. Na ufukweni anahitaji mwenzake mwenye darubini, akiwahesabu heroe wa siku ileile.